Kijito Kisicho na Vyura

Mwenye kiwanda cha ngozi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu havina kamba. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Waliomfanya hivyo ndio hao waliokichoma kiwanda chake. Polisi walipomtia ndani walisema wanamlinda, lakini kadiri siku zilivyokwenda, kumlinda kukawa kumshikilia, na hakuna aliyehangaika kuuliza kulibadilika lini.

Inspekta alivuta kiti akakaa. Pale kituoni walimwita Kobe, na si kwa sababu ya umri. Walimwita hivyo kwa kuwa hakuwahi kukimbilia jibu. Asubuhi ile alikuwa ametoka wodi ya watoto, ambako muuguzi alimfunulia viganja vya wagonjwa kimoja baada ya kingine: vigumu kama nyayo, vyenye madoa meusi kama matone ya wino. Wakubwa walikuwa na miguu iliyokufa ganzi. Wadogo walitapika mpaka wakaisha. Maabara ya serikali ilikuwa imeshapima maji ya mjini na kutaja sumu kwa jina. Aseniki.

"Ulikuwa unamwaga maji ya ngozi mtoni," Kobe alisema.

"Nilikuwa namwaga, afande. Sibishi."

"Yana nini ndani yake?"

"Chumvi, chokaa, maji ya magome, dawa za kulainisha. Yananuka, na samaki wa pale chini nimewaua mimi, hilo nalibeba. Lakini hiyo aseniki sijawahi kuinunua. Ukiniwekea hapa mezani sitaijua."

"Kila anayekaa hapo ulipokaa huwa hajui kitu."

"Basi niulize ninachokijua. Nilikwenda kumzika mtoto wa dada yangu, viganja vyake vilikuwa hivyo hivyo. Dada anakaa juu ya kiwanda, afande. Juu, si chini. Sasa niambie wewe, maji yangu yalipandaje mlima?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ila nilikuwa nasema huku napigwa. Maneno hayasikiki vizuri."

Nje, Mkuu wa kituo alikuwa akimsubiri kwenye ujia, kofia mkononi.

"Keshokutwa anapanda mahakamani," Mkuu alisema. "Watu wanataka sura, na sura tunayo."

"Sura tunayo. Sumu hatujui imetoka wapi."

"Ukileta sura nyingine, hii nitaiachia leo hii. Ukirudi mikono mitupu, ndiye huyu. Mimi nina mji mzima mlangoni, Kobe."

Mkemia aliyetumwa na maabara alikuwa kwenye gari tayari, sanduku la vipimo mapajani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na kwa siku chache walizofanya kazi pamoja alikuwa ameonyesha kwamba hapendi kukisia.

"Tunapanda na mto," alimweleza. "Kila penye kitu kinachoingia majini, tunapima chini yake, halafu juu yake. Chini pachafu, juu pasafi, tumempata. Pote pachafu, tunaendelea kupanda."

Pale kiwandani palibaki kuta nyeusi na harufu ya nywele zilizoungua. Mkemia alichota maji chini ya mfereji wa kiwanda, akatia unga kwenye chupa, akafunga kifuniko chenye kipande cha karatasi nyeupe ndani yake. Walingoja. Karatasi ilianza na umanjano, kisha ikawa kahawia hafifu. Wakapanda hadi juu ya kiwanda, ng'ambo ya ukuta, penye vichaka ambavyo moto haukuvifikia. Akachota tena.

Kahawia. Tena imekolea zaidi kidogo.

"Rudia," Kobe alisema.

Alirudia. Matokeo yakawa yale yale.

"Sio yeye, mzee."

"Au sio yeye peke yake."

"Kwa sumu hii, sio yeye kabisa. Maji yanamfikia yakiwa nayo tayari."

Kobe alipiga simu kituoni kumweleza Mkuu. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo ni nani?" Kobe alisema bado hajui, na simu ikakatwa.

Barabara ya gari iliishia kwenye josho la kuogeshea ng'ombe. Lilikuwa handaki refu la saruji kando kabisa ya mto, na kibanda cha mabati pembeni. Mkemia alipoliona, hatua zake ziliongezeka.

"Zamani kupe waliuawa kwa aseniki," alisema. "Majosho yote ya zamani."

Mlinzi wa josho alitoka kibandani akijifunga mkanda. Alikuwa mzee mwembamba, na alianza kusema kabla ya kuulizwa.

"Hapa pamekufa siku nyingi, wakubwa. Serikali ilipafunga. Mimi nalinda tu majani yasiibiwe."

Kobe alitembea mpaka kwenye lango la kuingilia ng'ombe. Nguzo zilikuwa na tope bichi mpaka kimo cha goti, na kwato zilikuwa zimepachimba chini pakawa rojo.

"Majani yako yana miguu minne," alisema.

Mzee alikuna shingo. "Wawili watatu tu, ng'ombe wa majirani. Dawa yenyewe wananunua wao dukani. Mwenye ng'ombe akilia mbele yako utamfukuza?"

"Kibandani kuna nini?"

Kulikuwa na mapipa ya bati, yameliwa na kutu, yenye michoro ya fuvu na mifupa iliyofifia. Moja lilikuwa limetoboka, na sakafu chini yake ilikuwa imebadilika rangi na kuwa ya kijivu. Ufa wa sakafu ulielekea mtoni. Mkemia alichuchumaa, akaufuata ufa kwa macho, kisha akamtazama Kobe. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Kobe aliruhusu mabega yake yashuke. Hapo palikuwa na sumu, palikuwa na njia, na palikuwa na mtu aliyedanganya.

"Pima juu," alisema hata hivyo.

Mkemia alipanda mawe peke yake, akavuka mzizi mkubwa, akapotea. Mlinzi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameshika tama.

"Mnanifunga?"

"Bado."

"Hayo mapipa niliyakuta. Kila anayekuja kukagua anasema litaletwa gari yaondolewe. Nimezeeka nangoja gari."

Mkemia alirudi na kifuniko cha chupa kimelala kiganjani. Alikiinua Kobe akione. Karatasi ya juu ya josho ilikuwa nzito kuliko zote mpaka hapo, rangi ya kahawa iliyokorogwa vizuri.

"Mapipa haya ni hatari, na ningeyaondoa leo," alisema. "Lakini sicho tunachokitafuta. Tunavyopanda, inakolea. Mto unapoteremka unaongezewa maji mengine na sumu inapungua makali. Chanzo ni kimoja tu, mzee, na kiko juu yetu."

Kobe alimgeukia mlinzi. "Juu huko kuna nini?"

"Watu. Kijiji kimoja. Zaidi ya hapo ni mawe."

"Na mto?"

"Mto huu ulikufa mwaka ule wa ukame. Korongo lilikauka hata ukilala ndani hulowi. Haya maji unayoyaona yamekuja baadaye." Uso wa mzee ulichangamka kidogo. "Ni Mama Mabomba aliyeyaleta. Nendeni mkamwone. Mwanamke yule angezaliwa mwanamume, angekuwa waziri."

"Aliyaleta kutoka wapi?"

"Mlimani," mzee alisema, kama mtu anayeulizwa mvua hutoka wapi.

Walipanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mgongo wa mlima na mawe yaliteleza. Mahali fulani korongo liligawanyika, vijito viwili vikikutana chini ya jabali. Cha kushoto kilikuwa chembamba, maji yake ya rangi ya udongo, kingo zimejaa magugu. Kobe alipoweka mguu karibu, chura aliruka, akafuatwa na mwingine. Nzi waliinuka. Cha kulia kilikuwa kipana na chenye nguvu, kiangavu kama kioo. Mawe ya chini yalionekana moja moja, hayana utelezi, hayana hata uzi wa mwani.

"Ukiwa na kiu, ungekunywa kipi?" Kobe aliuliza.

"Hiki cha kulia. Mtu yeyote angekunywa hiki."

"Hakina chura hata mmoja."

Mkemia alipima vyote viwili. Karatasi ya kushoto ilibaki nyeupe. Ya kulia ilikuwa nyeusi.

Kijiji kilikuwa nyumba chache za mawe zilizoegemea mteremko, na katikati yake bomba la maji limejengewa sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Mtu alikuwa amepanda maua pembeni, kwenye makopo. Mama Mabomba aliwapokea mlangoni kwake. Umri wake ulikuwa umeshavuka sitini, kitambaa cheupe kichwani, na soksi za sufu amezivaa mikononi.

"Karibuni ndani. Msikae na jasho hivyo, mtashikwa na kifua." Aliwaletea bilauri mbili, akizibeba kwa kuzibana kati ya viganja. "Kunyweni. Maji ya kwetu ni ya baridi."

Mkemia aliiweka bilauri yake chini taratibu. Kobe hakuigusa ya kwake.

"Mmezoea ya chupa," mama alisema bila kinyongo.

"Mama, maji haya yanatoka wapi?"

"Mlimani."

"Mlima ni mkubwa."

"Kwenye chemchemi."

"Tuonyeshe."

"Ni mbali, mwanangu. Miguu yangu siku hizi ni ya kuazima. Sizihisi nyayo."

"Hakuna shida. Tutalifuata bomba wenyewe."

Chumba cha pili mtoto alikohoa, kisha akaita bibi kwa sauti ya usingizi. Mama Mabomba aligeuza uso upande ule, akaurudisha.

"Nitawapeleka," alisema. "Bora nije mimi kuliko mkaone mkaelewa vibaya."

Bomba lilipita nyuma ya nyumba, likapanda kando ya kijito, likazunguka jabali. Mama alitembea kwa kujikokota, mkono begani kwa mkemia. Nyuma ya jabali mlima ulikuwa na kinywa. Kilikuwa kimezibwa kwa ukuta wa zege wenye kimo cha watu wawili, na juu yake kibao cha chuma: MARUFUKU KUINGIA. MALI YA KAMPUNI. Hapakuwa na neno lingine lolote. Karibu na ardhi, ukuta ulikuwa umetobolewa. Bomba liliingia tunduni, na maji yaliyozidi bomba yaliruka kwa nguvu pembeni yake, yakatua juu ya mawe yenye gamba jeupe, yakawa kijito.

"Huu ni mgodi," Kobe alisema.

"Ulikuwa mgodi. Walichimba, wakamaliza, wakaondoka."

Mkemia alishachota. Karatasi ilikuwa nyeusi kabla ya muda wake kutimia.

"Nani alitoboa ukuta?"

"Marehemu mume wangu."

"Peke yake?"

"Mimi nilishika tindo, yeye akapiga nyundo." Sauti ya mama ilikuwa tulivu. "Useme hivyo hivyo. Hayupo, usije ukamwachia yote yeye."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini? Korongo lilikauka, afande. Tulikuwa tunateremka mpaka makutano kule kuchota tope. Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Aliteleza pale kwenye jabali, dumu likiwa mgongoni. Tulimpandisha kwa kamba, ameshakufa. Nilikwenda ofisi ya maji, nikaambiwa mradi unakuja. Nikaenda kwenye kampuni, nikakuta geti lina kufuli na hakuna kampuni. Mume wangu alifanya kazi humu ujana wake wote. Alijua mlima umejaa maji. Akaniambia, mke wangu, tunakufa kwa kiu huku tumeegemea tangi."

"Hamkuogopa?"

"Tuliogopa. Ndiyo maana alikunywa yeye kwanza. Siku nyingi alikunywa peke yake, sisi tukimtazama. Hakuumwa hata tumbo. Akasema ni matamu. Ndipo tukaweka bomba."

"Alikufa kwa nini?"

"Mikono ilianza kuwa migumu, halafu miguu ikafa ganzi, halafu vidonda. Zahanati walisema ni uzee."

Kobe alizitazama soksi. Mama aliufuata mtazamo wake, na pole pole, kwa meno, akaivua moja. Kiganja kilikuwa kama cha wale wa wodini, isipokuwa hiki kilikuwa kimepasuka.

"Ni haya?" aliuliza.

Mkemia ndiye aliyejibu. "Ni haya, mama. Ndani ya mawe ya mlima mna sumu. Walipochimba waliifungua, maji yakakaa nayo. Huu ukuta uliwekwa kuyazuia yasitoke."

"Hawakuandika."

"Hawakuandika."

Mama alitafuta jiwe la kukalia. Alipokosa alikaa chini, pale pale penye majimaji.

"Na wale wa mjini? Tunasikia watoto wanakufa mjini."

"Pia ni haya," Kobe alisema.

"Wengi?"

"Wengi."

Alitikisa kichwa, taratibu, kama anayekubaliana na mtu. "Siku yalipotoka tulicheza hapa," alisema. "Hata mimi, na umri huu."

Kobe alimvuta mkemia pembeni. "Tunaweza kuziba?"

Mkemia alionyesha kwa kidole. Kutoka kwenye tundu, ufa ulikuwa umepanda ukutani mpaka karibu na kibao, na maji yalikuwa yakitiririka kwenye ufa wenyewe kama jasho. "Nyuma yake umejaa mlima mzima. Ukiziba hapa, unausukuma ukuta wote uje. Kitakachoshuka kitafika mjini kwa pamoja."

"Ukiachwa hivi?"

"Utavuja. Mimi na wewe hatutauona mwisho wake."

"Kuna wataalamu."

"Wapo. Wanahitaji mitambo, na mwenye mgodi wa kuilipia. Mwenye mgodi yuko wapi?"

Simu ilishika mtandao juu ya jabali. Mkuu alimsikiliza bila kumkatiza. Kampuni, alisema, ilifungwa zamani. Waliokuwa wakiimiliki waliuza kwa wengine, na hao wengine hawana hata anwani. Hilo alilijua bila kupekua popote, na Kobe hakumuuliza amelijuaje.

"Aliyetoboa ni nani?"

"Ameshakufa."

"Maiti haipandi kizimbani. Alikuwa peke yake?"

Chini yake, Mama Mabomba alikuwa ameinua uso. Simu ilikuwa kwenye spika, na upepo ulikuwa ukipeleka kila neno kwake.

"Mkuu, huyu si mhalifu. Walikuwa na kiu."

"Sikukuuliza hilo. Pale ndani nina huyu wa ngozi ambaye wewe mwenyewe umeniambia hana hatia. Nikimwachia bila kuonyesha mwingine, hafiki kwake. Watamchoma kama walivyochoma kiwanda. Sasa nakuuliza tena. Alikuwa peke yake?"

"Mwambie nipo," mama alisema kutoka chini.

Kobe alifunika simu kwa kiganja. "Mama, nyamaza."

"Yule wa ngozi ana watoto?"

"Anao."

"Basi mwambie nipo."

Kobe aliondoa mkono kwenye simu. Alisema kwamba yupo mjane. Mkuu akasema mlete, akakata.

Waliteremka. Kijijini mama hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akainama kwenye koki kubwa iliyokuwa chini ya mfuniko, akajaribu kuifunga. Vidole havikushika. Alijaribu kwa vifundo vya mikono. Kobe alipiga goti kando yake, wakaizungusha pamoja hadi bomba likakohoa na kunyamaza.

Ukimya huo ndio uliowatoa watu nje. Walikuja wanawake na madumu, wanaume wachache nyuma yao, na Kobe aliwaeleza akiwa amesimama juu ya saruji iliyong'aa. Aliwaeleza habari za mgodi, za ukuta, za viganja. Hakuna aliyempinga. Wengine walitazama mikono yao. Mkemia aliwaonyesha karatasi, nyeupe na nyeusi, zikapita mkono kwa mkono.

Mama mmoja kijana, mtoto amemlala mgongoni, alizitazama karatasi kwa makini, akazirudisha kwa mikono miwili.

"Nimekuelewa, afande," alisema. "Mengine yako wapi?"

"Kijito cha kushoto, kule makutano. Ni kisafi. Tumekipima."

"Kile nakijua. Hakifiki mwisho wa kiangazi hiki, mwaka jana kilikauka mapema. Na njia yake ni ile ya jabali." Alimtazama Mama Mabomba, akaondoa macho kwa heshima. "Kikikauka, tuchote wapi?"

"Nitapeleka taarifa. Wataleta gari la maji."

"Lini?"

Mkemia alikuwa akifunga sanduku lake na hakuinua kichwa. Yule mama kijana alingoja jibu kwa adabu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akachukua dumu, akazunguka nyuma ya nyumba ambako maji yaliyozidi bomba yalikuwa yakishuka, maangavu, yakipiga kelele kwenye mawe.

"Mzuieni," Mama Mabomba alisema. Alipiga hatua, miguu ikakataa, Kobe akamdaka. "Mwanangu, acha. Usichote. Nimesema usichote."

Yule mama kijana alikuwa ameshalilaza dumu kwenye kijito. Maji yaliingia kwa mdomo mwembamba, yakigugumia, na wote waliokuwa wamesimama pale waliyasikia. Dumu lilipojaa aliliinua, akasogea pembeni kidogo, kumpisha aliyefuata.